Mafuta ya Kwenda Mbeya

Marahaba. Najua wengi wenu hamjaniamkia, maana siku hizi kijana akishashika usukani anakupungia mkono na kusema "mambo, mzee" huku gari linatembea. Basi naitikia salamu ambayo sikupewa, tuendelee na kazi.

Ninyi mnaoegesha teksi zenu karibu na nyumba yangu hapa Malangali mmekuwa mkiniuliza swali moja tangu mwaka jana. "Mzee Gaspari, hicho kibebi woka chako kinakunywa nini? Umande?" Mnacheka, mnazunguka kigari changu, mnapigapiga boneti kana kwamba siri imefichwa humo. Mmoja wenu aliinama kabisa kuchungulia chini, nadhani akitafuta hirizi. Nikawaambia nitawaandikia, kwa sababu kuzungumza kirefu kunanichosha tangu nibaki peke yangu nyumbani.

Nimeandika mara kadhaa nikachana. Kila nikianza kueleza habari za mafuta, namkuta mke wangu amekaa kiti cha kushoto. Skolastika, mama Oresta, tuliyemzika mwaka huu kabla ulezi haujakomaa. Nilidhani ningeweza kuwapa ufundi bila kuwapa msiba, nimeshindwa. Yote niliyojifunza kazini kuhusu kuokoa mafuta niliyatumia kumpeleka Mbeya kutibiwa, nikitaka aendelee kwenda mpaka apone. Kwa hiyo pokeeni vyote viwili, mtachambua wenyewe.

Tuanze na mguu. Aliyenifundisha kazi ni mzee Alfonsi, aliyekuwa ameendesha malori ya mahindi tangu barabara ya Tunduma ilipokuwa vumbi kiangazi na matope masika. Siku ya kwanza alinitazama miguuni, akasema, "Vua viatu." Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Sumbawanga ya alfajiri mwezi wa saba hahitaji maelezo, na asiyeijua aje alale kwangu siku moja.

Nikamwambia, "Mzee, hicho chuma kina baridi, nitaganda."

Akasema, "Kiatu ni kiziwi. Mguu ndio unaosikia."

Nikaendesha peku msimu mzima. Mwanzoni nilisikia baridi tu. Baadaye nikaanza kusikia gari. Kuna mahali kwenye pedeli ya mafuta ambapo ukizidi kukanyaga mwendo hauongezeki, inaongezeka kelele. Mafuta yenu mengi yanaishia hapo. Kuna mahali pengine, juu kidogo, ambapo injini imetulia na gari linakwenda lenyewe, nawe kazi yako ni kutoliudhi. Mzee Alfonsi hakupenda mguu wa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Alikuwa akinipiga kikofi cha goti. "Chovya chovya humaliza buyu la asali," alisema, "na wewe unachovya tangu Laela."

Watu wa stendi waliniona nikizunguka gari peku kwenye baridi, nikiinama kukagua tairi, na mnajua jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Hakuna aliyesema huyu anakagua upepo. Mama mmoja mwuza maandazi alikataa kabisa kunipa chenji mkononi, akawa anaiweka juu ya ndoo niiokote. Hivyo ndivyo nilivyopata jina la mchawi, na gari langu liliposhinda mengine kwa kwenda mbali, jina likazidi kushika mizizi.

La pili ni macho. Dereva anayeangalia tairi la mbele anaendesha kwa breki. Ninyi mnafika kwenye matuta ya vijijini mkiwa kwenye mwendo wa kukimbiza mwizi, mnabana breki, mnaruka tuta, kisha mnakanyaga mafuta kama mmechokozwa. Kila unapobana breki, jua kwamba muda mfupi uliopita ulikanyaga mafuta bila sababu. Ukiliona tuta mbali, toa mguu mapema, liache gari lipungue lenyewe huku likiwa ndani ya gia. Utafika kwenye tuta likiwa linatambaa, na hutakuwa umepoteza kitu.

Nimesema ndani ya gia. Sikusema fri. Hapa namkumbuka Kristofa, dereva mwenzangu kwenye mradi wa maji tulikofanya kazi miaka mingi. Kristofa aliamini kwamba ukiwa unashuka kutoka huku juu Ufipa kwenda bonde la Rukwa, unatoa gia, gari linateremka bure kama zawadi ya Mungu. Alikuwa akitamba, "Mimi nashuka kwa mafuta ya Muumba." Siku moja breki zilichemka, zikaanza kutoa moshi, akakosa cha kushika. Mungu alimhurumia mteremko ukiwa karibu kwisha. Tulimkuta amesimama katikati ya shamba la mpunga, gari limezama mpaka milangoni, yeye amekaa juu ya boneti anasali rozari. Mwenye shamba alikuwa amekaa pembeni anamsikiliza, hakutaka kumkatisha.

Tena, vijana, kwa haya magari yenu mapya fri haiokoi chochote. Ukiwa ndani ya gia na mguu umetoa, gari linakata mafuta lenyewe, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inabidi ijilishe isizimike. Kwa hiyo mnajihatarisha na mafuta bado yanakwenda.

Lingine ni asubuhi. Hapa kwetu kuna tabia ya kuliwasha gari na kuliacha likinguruma uani huku mtu anakunywa chai, eti lipate joto. Gari si mzee wa kuota jua. Liwashe, subiri kidogo oili izunguke, ondoka polepole. Litapata joto barabarani. Na upepo wa tairi upimeni kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Tairi laini inalivuta gari nyuma. Ila mnaoshuka bondeni kwenye joto msizidishe kipimo, maana upepo unatanuka humo ndani.

Sasa niwaeleze jinsi ufundi huu ulivyonitia matatani. Mkuu wetu wa usafirishaji pale kwenye mradi alikuwa mama mmoja mtu wa Mbeya, mpole lakini jicho lake kali. Akaona gari langu linakwenda Namanyere na kurudi kwa mafuta ambayo wengine hayawafikishi hata njia panda. Akamwita fundi alipime. Fundi akasema ni zima. Mwezi uliofuata madereva wote wakapewa mafuta kwa kipimo changu.

Jamani! Wenzangu waliacha kunisalimu. Kristofa aliniambia mbele ya watu, "Gaspari, wewe umetuharibia maisha." Wapo waliokuwa na sababu zao za kukasirika ambazo sitazieleza, maana ninyi mnazijua kuliko mimi. Lakini wengine walionewa kweli. Walikuwa hawanyonyi hata tone, ila hawakujua kuendesha.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Skolastika alikuwa anapepeta ulezi uani. Nikamweleza nikitegemea anipe pole. Akaendelea kupepeta.

"Wewe ulikuwa umewafundisha?" akauliza.

"Niwafundishe kwa nini? Kila mtu alifundishwa na mwalimu wake."

"Basi umejiletea mwenyewe, baba Oresta. Kitu ukikijua peke yako ni uchoyo. Waite waje wale."

Jumapili ile alisonga ugali wa ulezi, akachemsha samaki wa kutoka Kirando, wakaja. Kristofa alifika wa mwisho akiwa amekunja uso, akala kuliko wote. Baada ya chakula Skolastika akawaambia, "Haya, tokeni nje, huyu atawaonyesha." Tukatoka. Nikawavua viatu wanaume wazima mmoja mmoja, tukazunguka Malangali mpaka jioni huku watoto wakitukimbilia. Yeye hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Lakini mnapoona leo nakaa kuwaandikia ninyi, jueni bado natimiza agizo lake.

Nilipostaafu nilifanya jambo ambalo mwanamke huyu alilicheka miaka. Mtu niliyeishi kwa kuokoa mafuta nilienda kununua ligari likubwa la petroli, la silinda sita, la watu wenye vyeo. Nadhani nilichoka kuendesha magari ya wengine nikataka nami nionekane. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Lakini lilikunywa kama wageni wa harusi ya Mollo, na huko mnajua wanavyokunywa. Mguu peku haukusaidia. Hapo ndipo nilipojua kwamba ufundi una mpaka wake. Injini kubwa inakula hata ikiwa imelala, na uzito wa chuma unaubeba kila siku hata ukiwa unakwenda kununua chumvi. Kijana anayetaka gari la kazi ajiulize kwanza atabeba nini, kwa barabara gani, mara ngapi. Asijiulize watu wa Chala watasema nini akifika.

"Hili gari lako," Skolastika alikuwa akisema, "likipita mbele ya sheli linapunguza mwendo lenyewe."

Kisha akapata uvimbe kwenye titi. Aliuficha, kama wanawake wetu wengi wanavyouficha, mpaka Oresta, binti yetu anayefundisha shule hapa mjini, alipouona akimsugua mama yake mgongo bafuni. Tukaambiwa ni kansa, na kwamba dripu za dawa atakwenda kupewa Mbeya, kila baada ya wiki tatu.

Safari ya kwanza tulikwenda kwa basi. Kwenda alikuwa salama. Kurudi, dawa ikiwa mwilini, alitapika tangu Mbalizi hadi tulipopita Laela. Watu walikuwa wema, walimpa mifuko, mama mmoja alimpepea na kanga. Lakini Skolastika alikuwa mtu wa haya. Tuliposhuka aliniambia, "Heri nife nyumbani kuliko kutapika tena mbele za watu." Alisema polepole tu, na mimi nilijua hatanii.

Wiki ile niliuza ligari. Nikanunua hiki kibebi woka, cha injini ndogo na gia za mkono, kwa sababu nilitaka gari ambalo ningeweza kulitunza mwaka mzima, miaka hata, kadiri atakavyohitaji kwenda. Nilikagua kila kitu mwenyewe. Nikatoa keria la juu, maana linapigana na upepo bure. Nikabadilisha ea klina na plagi, nikaweka tairi sawa. Nililiandaa gari lile kwa moyo ambao sikuwahi kuandaa gari la mtu yeyote.

Na hapo nikagundua kitu ambacho mzee Alfonsi hakuwahi kuniambia, labda hakukijua. Mguu unaookoa mafuta ndio huohuo usiomtapisha mgonjwa. Tumbo la mtu aliyetoka kwenye dripu linachukia vitu vilevile ambavyo mafuta yanavichukia: breki ya ghafla, kuondoka kwa kishindo, kona ya kukimbilia, kukanyaga na kuachia. Nikawa naendesha nikimtazama uso badala ya mshale wa mafuta. Akifumba macho na midomo kulegea, najua nipo sawa. Akikunja kidole gumba ndani ya ngumi, najua nimezidisha. Tulikwenda na kurudi safari baada ya safari, na baada ya ile ya basi hakutapika ndani ya gari langu hata mara moja. Kama mnataka kujua dereva huyu anajivunia nini, ni hilo, mengine chukueni.

Pale Tunduma malori yanapoziba barabara, nilikuwa nazima gari kabisa. Wengine wanaliacha likinguruma wakisogea hatua moja moja. Mimi nazima, nafungua kioo, tunakula karanga. Tulizungumza Tunduma kuliko tulivyozungumza katika miaka yote niliyokuwa safarini kikazi.

Tatizo lilikuwa mizigo. Mnajua kwetu gari haliondoki tupu. Mtu akisikia unakwenda Mbeya anakuletea kiroba cha unga kwa shangazi yake, mwingine debe la maharage, mwingine kuku wawili wamefungwa miguu, na kukataa ni tusi. Lakini kigari kile kikibebeshwa kilikuwa kinahangaika kwenye milima ya kuingilia Mbeya, na kikihangaika, mgonjwa anarushwarushwa. Nikaanza kukataa. Nilikataa mizigo ya majirani, ya ndugu, hata ya katekista. Maneno yakazunguka kwamba Gaspari ana roho mbaya, hata ugonjwa haujamfundisha. Nikayaacha.

Safari moja tukiwa kwenye mlima nikasikia gari zito. Nikabadilisha gia, bado zito. Nikasema, "Mama Oresta, kuna kitu humu."

"Humu wapi?" Anatazama dirishani.

Nikasimama, nikafungua buti, nikainua zulia. Maharage, yamelazwa vizuri kwenye mifuko midogo midogo mahali pa tairi la akiba. Na tairi la akiba lilikuwa limebaki Malangali, nyuma ya banda la kuku!

"Ni ya yule dada wa kitanda cha jirani kule hospitali," akasema. "Hana mtu anayemletea kitu."

"Tukipata pancha je?"

"Tutakula maharage."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Tulicheka pale kando ya barabara mpaka akashika ubavu. Nilishukuru Mungu pancha haikutokea, na safari zilizofuata nilimwachia nafasi ya maharage nikaweka na tairi.

Lakini nataka muelewe kwamba mimi ni mtu anayeweza kusikia mifuko ya maharage kwa nyayo. Basi ndivyo nilivyosikia na lile jingine. Kadiri miezi ilivyokwenda gari lilikuwa jepesi. Mlima uleule, gia ileile, mwendo uleule, na mguu wangu ukawa unakanyaga kidogo zaidi. Mshale ukawa unashuka polepole kuliko zamani. Dereva mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa natazama barabara machozi yananitoka, kwa sababu hatukuwa tumepunguza mzigo wowote. Inawezekana gari halikuwa na tofauti yoyote, ulikuwa moyo wangu tu. Lakini nilipombeba kumshusha hospitali, mikono iliniambia jambo lilelile.

Daktari akasema dawa ya kwanza haijafanya kazi walivyotarajia, kuna nyingine, kali zaidi, tungeanza mzunguko mpya. Oresta akasema, "Tutaanza, mama." Mimi nikasema tutaanza. Skolastika alikunja kanga yake vizuri magotini.

Tulitakiwa kuondoka Jumatatu. Huwa siendi safari ya Mbeya na tangi limejaa, maana mafuta nayo ni mzigo, na Tunduma bei yake ni nafuu kuliko hapa. Huwa naweka ya kunifikisha Tunduma na akiba kidogo. Niliyaweka Jumamosi, nikaegesha, nikalifunika gari turubai. Tangu aanze kuugua, mafuta yaliyoandaliwa kwa safari ya hospitali hayakuguswa kwa jambo lolote. Nilikuwa nakwenda sokoni kwa miguu.

Jumapili tuliporudi kutoka misa, hakuingia ndani. Akasimama kando ya gari, ameshika turubai.

"Baba Oresta, nataka nikaone kwetu Chala."

"Tutakwenda tukitoka Mbeya."

"Leo."

"Mama, tukienda Chala mafuta ya Mbeya yatakwisha."

"Ndiyo maana nasema twende Chala."

Alinitazama. Miaka yote ya ndoa mwanamke huyu hakuniambia jambo mara mbili, na siku hiyo pia hakurudia. Nilisimama na funguo mkononi. Ningeweza kumbishia. Nilikuwa na maneno ya daktari, nilikuwa na maneno ya Oresta, nilikuwa na maneno yangu mwenyewe mengi. Nilitamani aendelee kwenda Mbeya hata kama kigari kile kingechakaa kabisa, hata kama ningebaki naendesha tu bila kufika. Lakini aliyekuwa anatobolewa mikono hakuwa mimi. Nikatoa turubai.

Tukaenda. Nilikuwa naendesha kama nilivyozoea, mguu ukiwa juu juu, na tulipovuka mashamba ya mwisho ya mji akasema, "Leo kanyaga."

"Nikanyage nini?"

"Mafuta. Nimeolewa na dereva, sijawahi kuona anavyokimbia."

Vijana, nilikanyaga. Barabara ya Chala sasa ni lami, nyeupe kwa jua, na siku hiyo haikuwa na gari. Kigari kililia, kikatetemeka usukani, mahindi yakawa yanapita dirishani kama maji. Nilimtazama kidole gumba. Hakukikunja. Alikuwa amefungua kioo, kitambaa kimeanguka, kichwa chake kisicho na nywele kinapigwa upepo, na alikuwa anacheka bila sauti. Nilivunja kanuni zote nilizowaandikia hapo juu, na sijutii hata moja.

Chala alikaa na dada yake uani, wakazungumza Kifipa haraka haraka kama wasichana, wakaimba kidogo. Akaomba nimzungushe akaone shamba la baba yake. Barabara ya shamba ni mbaya, ya gia ya kwanza na ya pili, na hizo ndizo zinazomaliza mafuta. Nilimzungusha lote. Tulipogeuza kurudi jua lilikuwa bado juu, naye akaomba tupite na Mollo tuone ulezi wetu. Tukapita. Ulikuwa umeanza kutoa vichwa. Aliukunja mmoja akautazama, akauachia.

Tukiwa tunaingia mjini, taa ikawaka kwenye dashibodi.

"Hiyo ya njano ni nini?" akauliza. Hakuwahi kuiona. Kwenye gari langu hakuna aliyewahi kuiona.

"Ni ya mafuta. Yamekwisha."

"Vizuri," akasema.

Mbele yetu kulikuwa na sheli, iko kushoto, na hakuna foleni. Nadhani mkono wangu ulijiendea wenyewe, maana nilisikia indiketa inagonga. Tayari nilikuwa nimetoa mguu. Skolastika akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye gia. Ulikuwa mwepesi sana.

"Twende nyumbani," akasema.

Nikazima indiketa, tukapita.

Oresta alikuja jioni na chupa ya chai na mashuka ya kubadilisha, kama kawaida. "Baba, gari liko tayari?" Nikamwambia aongee na mama yake. Akaingia, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti ya binti yangu ikipanda, kisha ikishuka, kisha kilio. Alipotoka hakunitazama. Alikaa kwenye ngazi akaegemeza kichwa begani kwangu, na yale mashuka bado ameyakumbatia. Alinilaumu baadaye, kwa muda mrefu, nami nilimwacha anilaumu, kwa sababu mtoto akipoteza mama lazima apate wa kumkasirikia.

Skolastika aliishi mpaka mvua zilipokaribia kwisha. Alikaa nyumbani, hakutobolewa tena, na nywele zilianza kumrudia. Alikufa kwenye kitanda chake mchana, Oresta amemshika mkono wa kulia.

Lakini nirudi nyuma kidogo: ile Jumatatu tuliyotakiwa kuondoka, asubuhi baada ya Chala, mwili wangu uliamka kwa mazoea. Nilijifunika koti nikatoka. Uwanja wote ulikuwa na ukungu. Nikakagua tairi, moja moja. Nikafuta kioo cha mbele. Nikafungua mlango, nikakaa, nikashika usukani, sikuwasha. Nilitazama kiti cha kushoto kilivyo kitupu nikaanza kulia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa najua njia yote ya kwenda Mbeya, kila tuta na kila mlima, na hakukuwa tena na mtu wa kumpeleka.

Dirisha la chumbani likafunguka.

"Baba Oresta," akaita, "unafanya nini huko kwenye baridi? Chai inapoa."

Nikajipangusa uso, nikafunga mlango wa gari taratibu, nikaingia ndani.